Mnyanyuzi Akisema Toka

Mnyanyuzi alitoka kwenye kona yake ya ua, akatambaa bapa kama mkeka, akaingia chini ya pikapu ya Bonaventura Mkude. Alipofika katikati alinyoosha mikono minne ya chuma, kila mmoja ukatafuta sehemu yake ya kunyanyulia, pembeni kabisa, mbali na sinia la betri. Maana gari la umeme si yale makopo ya enzi za mafuta, ambayo mtu aliweza kusukumia jeki popote penye chuma akamwachia Mungu. Tumbo lote la gari la umeme ni betri. Ukilitoboa, umejiwashia tanuri, tena nyumbani kwako.

Morogoro nzima ilikuwa na mashine hizo. Gereji za mitaani zilikuwa zimekufa zamani, kila mtu akitengeneza gari uani kwake, na anayelinyanyua ni Mnyanyuzi. Aliyembuni alikuwa Injinia Veneranda Mkude, mdogo wake Bona wa mwisho, na Jumamosi ile alikuwa amekaa kwenye stuli palepale uani, kikombe cha chai mkononi.

"Zima gari," alisema Mnyanyuzi kwa sauti yake ya kistaarabu. "Vuta breki ya mkono. Washa hali ya jeki."

Bona akafanya yote. Hali ya jeki ndiyo inayoliambia gari litulie, lisihangaike kujisawazisha likiwa hewani. Kisha, kama alivyofanya kila siku kwa miaka arobaini ya ufundi, akavingirisha gogo lake la mninga na kulisimamisha chini ya ubavu wa gari, ili jeki ikisaliti, gogo lipokee.

"Kuna kitu kigeni chini ya gari," alisema Mnyanyuzi. "Tafadhali kiondoe."

"Kitu kigeni." Bona alimgeukia dada yake. "Unamsikia mwanao? Gogo hili lilikuwa kazini kabla hujajua kusoma."

"Hatanyanyua mpaka uliondoe, kaka. Nimemwagiza hivyo mimi."

Naye alikuwa na sababu. Mwaka wa kwanza wa Mnyanyuzi watu walisahau mawe na mitarimbo chini ya magari, gari likishushwa, betri inatoboka. Familia moja ya watu watano iliteketea pamoja na nyumba yao. Veneranda alikwenda mazikoni, akarudi, akaandika amri: chini ya gari pawe peupe. Tangu hapo hapakuungua nyumba hata moja.

"Mimi jeki siiamini," alisema Bona. "Hata ikiwa ya dhahabu."

"Mimi je?"

Bona akacheka. Ni yeye aliyemlea mdogo wake huyu baada ya wazazi kufariki, akamfundisha majina ya spana kabla ya majina ya mito ya nchi. Akalivuta gogo pembeni, hatua mbili tu. "Haya. Kama ni wewe, yameisha."

Gari likapanda, laini, bila mtikisiko. "Tayari," alisema Mnyanyuzi. Bona akajilaza chali, akajisukuma chini kwenda kubadilisha bushi zilizokuwa zikipiga kelele tangu Dodoma. Alikuwa amefika nusu saa tu iliyopita, na magunia kumi ya ufuta nyuma, jua la Januari likiikaanga lami njia nzima. Betri ilikuwa ya moto.

Hapo ndipo penyewe. Mnyanyuzi alikuwa na walinzi wawili. Wa kwanza alilinda betri: joto likipita kiwango, gari lishushwe mara moja, kwa sababu moto ukishika gari likiwa juu hupata hewa kutoka chini na kuila nyumba, lakini likiwa chini povu la kuzimia moto hulifunika. Wa pili alilinda watu. Huyu alikuwa jicho-joto, linalomtambua binadamu kwa joto la mwili wake. Hukagua mara moja tu, kabla ya kushusha: likiona mtu chini ya gari, Mnyanyuzi husimama na kupiga kelele, "Toka! Toka! Toka!" Lisipoona mtu hanyanyui hata sauti, kwa sababu wakati wa majaribio majirani walilalamika kwamba mashine inapayuka bure.

Gari likaanza kushuka. Kimya.

Veneranda aliona tairi zinasogelea ardhi, miguu ya kaka yake bado iko nje, spana inagonga chuma. Alitupa kikombe. Alibonyeza kitufe chekundu, nacho hakikuitika, kwani ni yeye aliyeamua kwamba joto la betri likipanda kitufe kisiitike, asije mtu akapaniki akaliacha gari liungue hewani. Akalikimbilia gogo, akalisukuma kwa magoti na kifua. Nafasi ilikuwa imeshapungua. Gogo likagonga ubavu wa gari likakwama nje, na Bona akaliita jina la dada yake mara moja.

Povu likamwagika. Lilizima joto, likamwingia Mnyanyuzi kichwani na kufuta kumbukumbu zake zote. Kilichotokea kikabaki kwa watu wawili tu.

Veneranda alijua tangu dakika ile. Miezi minane nyuma, kwenye ukumbi wa majaribio, aliwahi kuona jicho-joto likipofuka kwa sekunde mbili juu ya betri ya moto, mtu akapotea kwenye joto la gari. Alisema moyoni: nitalirekebisha toleo lijalo. Hakuandika popote. Kazi zilikuwa nyingi, na uzinduzi wa toleo hili jipya la Mnyanyuzi ulikuwa wiki ile.

Hospitalini Bona aliishi siku tatu, kifua kimefungwa, anavuta pumzi kwa hesabu. Siku ya pili Veneranda alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza yote: jicho, ukumbi, sekunde mbili.

Bona alivuta pumzi tatu. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Wifi yako?"

"Bado."

"Basi usimwambie mtu. Niitie mkaguzi wa mashine."

"Kaka, usifanye hivyo. Nakuomba."

"Vene, niitie mkaguzi."

Hakumwita. Mkaguzi wa mashine alikuja mwenyewe saa tisa, na kinasa sauti chake. Bona alizungumza polepole, kila neno limenyooka. "Mimi Bonaventura Mkude, fundi wa miaka arobaini. Mashine iliniambia nitoke mara tatu. Sikutoka. Nilitaka kumalizia boliti ya mwisho. Kosa ni langu."

Uongo mtupu. Mtu huyo hakuwahi kujeruhiwa kazini hata kucha, na jina lake lilikuwa hilo tu: Bona makini, Bona hana papara. Alilitoa lote kwa pumzi chache. Veneranda alisimama mlangoni akasikia, akampisha mkaguzi aondoke na kinasa sauti chake. Tuseme ukweli, aliogopa jela. Kesho yake Bona akafariki.

Mazikoni mafundi wenzake walinong'ona. Bona mzima, ati anaambiwa toka, anakaidi? Uzee hauna dawa. Veneranda aliwasikia, na hilo ndilo lililomfungua kinywa. Baada ya arobaini alikwenda kwenye kamati ya uchunguzi akakiri. Walimsikiliza kwa heshima zote. Wakarudia jaribio ukumbini kwa gari lenye betri baridi, jicho likamwona mtu kila mara. Akawasihi waichemshe betri kwanza. Wakamjibu kwamba kanuni mpya za moto haziruhusu betri ya moto ukumbini.

"Injinia," mwenyekiti alimwambia, "marehemu amekiri kwa sauti yake mwenyewe. Majonzi humfanya mtu ajibebeshe lawama. Pumzika."

Wakampa likizo ndefu na mshauri nasaha. Hakuna aliyemfunga. Afadhali wangemfunga.

Miezi miwili baadaye wifi yake, Tekla, alikuja na uso ambao Veneranda hakuwa ameuona tangu msiba, uso wenye nuru kidogo. Kiwanda kilikuwa kimemwomba ruhusa, naye ameitoa.

"Ruhusa ya nini, wifi?"

"Sauti ya kaka yako. Watu wanakaidi mashine, wanakufa. Sasa kila Mnyanyuzi, kabla hajanyanyua, atamsikilizisha mwenye gari maneno ya Bona." Tekla alifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Angalau kifo chake kitaokoa watu. Si ndiyo?"

Veneranda alimtazama mjane huyu aliyeshikilia kitu kimoja tu duniani. Akajaribu kusema hapana. Ikatoka, "Ndiyo, wifi."

Jumapili iliyofuata, mchana wa jua kali, jirani yake Bwana Kibena alirudi kutoka safari ya Iringa, gari limejaa vumbi mpaka madirishani. Veneranda alikuwa anaanika nguo. Akasikia ng'ambo ya ukuta sauti ya Mnyanyuzi: zima gari, vuta breki, washa hali ya jeki. Halafu akasikia sauti ya kaka yake.

"Mashine iliniambia nitoke mara tatu. Sikutoka. Kosa ni langu."

Alitupa nguo akakimbia hadi getini kwa jirani, miguu pekupeku. Gari lilikuwa limeshapanda. Bwana Kibena alikuwa amekaa chini kwenye kipande cha boksi, tochi mkononi.

"Usiingie," alisema Veneranda, anahema. "Betri ni ya moto. Mashine haitakuona. Itashuka kimya, haitasema kitu. Nilimtengeneza mimi, najua. Kaka yangu hakuambiwa atoke. Alidanganya."

Bwana Kibena alimtazama kwa huruma. Mtaa mzima ulikuwa umeshasikia habari za Injinia na likizo yake.

"Pole sana, dada yangu," alisema. "Msiba ni mzito. Lakini marehemu mwenyewe ametuusia, na mimi si mkaidi."

Akajilaza chali, akajisukuma chini ya gari mpaka kiunoni.

"Usiwe na wasiwasi," sauti yake ilitokea chini. "Mnyanyuzi akisema toka, nitatoka."