Mheshimiwa, Kazi Yako ni Sheria

Waringa alikuwa na mashine ya kuangulia mayai nyumbani kwake Riruta. Ilitumia umeme. Kila asubuhi aliyageuza mayai mia mbili, kisha akaenda sokoni kuuza mboga. Mumewe, Gichuru, alitunza bustani ya tajiri mmoja Lavington. Karo ya watoto ilitoka kwa vifaranga.

Jumatano moja, mwaka wa 2005, Waringa alirudi jioni akakuta mashine imepoa. Umeme ulikuwa umekatwa tangu asubuhi. Zilibaki siku tatu tu vifaranga watoke. Alipasua yai moja, la pili, la tatu. Vifaranga wote walikuwa wamekufa ndani.

"Watu wa kampuni ya umeme walikuwa wanabadilisha nguzo," mwenye duka la jirani alimwambia.

"Kwa hivyo walijua watakata?"

"Walijua tangu wiki jana."

"Na hakuna mtu aliniambia! Ningejua, ningeshinda hapa na chupa za maji moto!"

Kazi ilipangwa ofisini kwa kampuni ya umeme. Watu wakapewa ngazi, nguzo na lori. Kumwambia mteja, hakuna aliyeona haja. Huo ni ubaya, wala sitautafutia jina zuri.

Waringa alikwenda ofisini kwa mbunge, katikati ya jiji. Mbunge alimpa debe la mafuta ya taa, wakapigwa picha pamoja. Waringa alirudi akishukuru.

Jirani yake, Mzee Hemed, alikuwa karani wa Bunge kabla ya kustaafu. Aliposikia habari hiyo, alikasirika.

"Mwanangu, vifaranga wamekufa, nawe unashukuru kwa mafuta ya taa?"

"Si amenisaidia, Mzee? Si hiyo ndiyo kazi ya mbunge?"

"Hapana! Kazi yake ni kutunga sheria na kuiuliza serikali maswali. Hivi sasa kuna mswada wa kawi Bungeni. Mswada ni sheria ambayo haijapitishwa. Humo ndimo itaamuliwa kampuni ya umeme ina wajibu gani kwako. Kamati ya wabunge inapokea maoni. Barua yako iko wapi?"

"Mimi niliachia darasa la nne, Mzee."

"Andika kama ulivyosema. Mayai mia mbili. Siku tatu. Hukuambiwa."

Waringa aliandika. Majirani thelathini wakatia sahihi. Barua moja aliipeleka kwa kamati. Ya pili alimpa mbunge mkononi.

"Si nilikusaidia juzi?" mbunge akauliza, amekunja uso.

"Mheshimiwa, mafuta ya taa hata jirani angenipa. Lakini jirani hawezi kutunga sheria. Hiyo tulikutuma wewe."

Mbunge aliisoma barua yote. Wiki iliyofuata alisimama Bungeni. Alimuuliza waziri kwa nini watu wa Riruta wanakatiwa umeme bila notisi.

Haukupita muda, karatasi za kampuni ya umeme zikabandikwa kwenye lango la kila ploti. Alhamisi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, hakutakuwa na umeme. Waringa alikuwa ameweka mayai mengine mia mbili mashineni, kwa hivyo siku hiyo hakwenda sokoni. Alijaza chupa maji moto, akazipanga ndani ya mashine, akawa anazibadilisha kutwa nzima. Siku zilipotimia, vifaranga mia moja na sabini walitoka.

Gichuru alifurahi sana, akaita majirani waje kuona. Waringa alikuwa mezani, ameshika kalamu.

"Unaandika nini tena?" Gichuru akauliza. "Si sasa wanatuambia?"

"Wanatuambia kwa sababu mbunge aliuliza. Siku asipouliza, je? Mimi nataka hiyo notisi iwe ndani ya sheria. Njoo hapa uweke sahihi."