Anayemjibia Mgonjwa

Jirani zangu, nyumba ile ilikuwa na raha yake. Asubuhi cherehani ya mama mwenye nyumba ililia sebuleni, pini zimemjaa mdomoni, na mumewe, fundi rangi, akimtania: "Ukipiga chafya leo, utatudunga sote!" Kisha saratani ya titi ikaingia bila hodi.

Fundi rangi alimpenda mkewe, hilo silipingi. Ila alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe: kuogopa macho ya watu. Jioni ya dripu ya kwanza ya dawa ya saratani, mkewe aliwashwa viganja na uso ukamwiva. "Usiende kuwaambia hospitali," mume akamwonya. "Watasema unadeka."

Siku ya dripu ya pili, muuguzi aliuliza, "Mama, mara iliyopita ulipata shida yoyote?"

Mama akafungua mdomo. Mume akamuwahi. "Huyu ni chuma, sista! Hana neno."

Dawa ikaanza kudondoka. Muda si muda viganja vikawaka moto.

"Baba watoto, naanza tena. Na kifua kinabana."

"Jikaze bwana, watu wanatuangalia."

Akajikaza. Alificha mikono chini ya mtandio, akakodolea dari huku pumzi zikimpungukia. Niambieni, aibu gani hiyo ya kufa nayo? Sauti ilipomkatika, mgonjwa wa kiti cha pili ndiye aliyepiga kelele: "Sista, njoo! Mwenzetu anakufa!"

Muuguzi akafunga dripu mbio. Daktari akaja, wakamchoma sindano, wakamvisha oksijeni. Fundi rangi aliganda ukutani.

Pumzi ziliporudi, muuguzi akauliza, "Hii ilianza lini, mama?"

Mama akamnyooshea mumewe kidole. "Muulize huyo. Si ndiye anayenijibia?"

Chumba kizima kikageuka. Macho aliyoyakimbia siku zote yakamkuta pale pale. "Mara ya kwanza, sista," akasema, akilia. "Mimi ndiye niliyemkataza kusema." Nami ninayesimulia naona haya, maana nyumba zetu zimejaa watu kama yeye.

MAFUNZO

Mwili unaweza kuikataa dawa ya saratani. Kuwashwa, joto la ghafla, kizunguzungu au kifua kubana wakati wa dripu si kudeka. Mwambie muuguzi papo hapo, na usifiche yaliyokupata mara iliyopita. Mama yule hakunyimwa matibabu. Daktari alibadilisha namna ya kumpa dawa, na cherehani inasikika tena. Nawe unayemsindikiza mgonjwa, beba mkoba wake. Akiulizwa hali yake, mwache ajibu mwenyewe. Akishindwa kusema, hapo ndipo upaze sauti yako.