Zamu ya Kumtetea Aliyeondoka

Stendi ilikuwa imefurika watu wa kutoka kazini, na muuza vitabu vya mitumba alikuwa ametandaza turubai lake katikati ya njia bila kujali anayemkwaza. Mfamasia aliinama, koti lake jeupe la kazini likiwa mkononi, akashika kitabu chenye jalada la kijani. Mkono mwingine ukakishika upande wa pili.

"Kaka, hicho nimekiwahi."

"Umewahi kukishika. Kukinunua bado."

Alikuwa fundi wa lifti, mrefu, ndani ya ovaroli ya bluu, mwenye grisi kwenye kucha na tabasamu la mtu aliyezoea kubishiwa. Mfamasia hakumwachia. Alikifungua katikati, akasoma ukurasa mmoja na kukunja uso.

"Unakisoma au unakikagua?"

"Natafuta mtu wa kugombana naye humu ndani."

"Kwani mimi sitoshi?"

Mfamasia alicheka bila kupenda. Akamweleza kwamba walikuwa na kundi la wasomaji, wakikutana Jumapili mchana katika saluni ya rafiki yake. "Kitabu kinachopendwa na kila mtu kinaua kikao. Watu wanasema kizuri, kizuri, halafu wanaulizia soda. Nataka chenye mtu ambaye nusu yetu tutamkumbatia, nusu watake kumchapa."

"Nikija je?"

"Njoo. Ila uwe umesoma."

Alikuja amesoma, na shati limenyooka kwa pasi. Alibishana na mwalimu mstaafu, akabishana na dada mwenye saluni, na jioni akampigia mfamasia simu kuendelea kubishana. Baada ya muda vitabu vikasahaulika.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, sema kitu kingine. Chochote. Nataka sauti tu."

Mama wa mfamasia, aliyekaa naye nyumba moja, alijifunza kuongeza redio kila simu ilipolia. Ilikuwa heshima yake.

Fundi alijua habari zote. Baba wa binti wa mfamasia alitoka asubuhi moja kama anayekwenda dukani, akaishia huko. Ndiyo maana mfamasia alichelewa sana kusema, "Siku moja uje nyumbani, mama akuone."

Kisha ikafika zamu ya fundi kuchagua kitabu. Kundi lilikuwa na sheria yake: aliyechagua ndiye anayemtetea mhusika aliyechukiwa kuliko wote. Fundi alileta hadithi ya mwanaume aliyemwacha mkewe bila kuaga.

"Huyu mwanaume takataka," dada mwenye saluni alifungua kikao. Mwalimu mstaafu akaunga mkono. Wote wakamgeukia fundi.

Alizungumza taratibu, akiyatazama magoti yake. "Hakuaga kwa sababu angeaga, angelitua begi. Angemtazama mkewe usoni akabaki. Halafu angekaa naye miaka, akimlaumu kimoyomoyo kila siku."

Saluni ililipuka. Watu walipigiana kelele hadi jirani akaja kuchungulia. Hakijawahi kutokea kikao kitamu kama kile. Mfamasia peke yake hakufungua mdomo. Alichukua mkoba, akatoka.

Fundi alimkuta nje. "Mpenzi, ngoja. Ile ni sheria ya kundi."

"Sheria inasema umtetee. Haisemi umjue hivyo."

Akaondoka, na simu hakupokea tena.

Lakini kutopokea simu hakukuuzima moyo. Duka lake la dawa lilikuwa chini ya jengo refu, na kila lifti ilipounguruma aliinua kichwa. Alikuwa akihesabu vidonge, anasahau alipofikia, anaanza upya. Alimkosa hata katika ubishi. Wateja wote walikubaliana naye, na hilo lilimchosha.

Mama yake alivumilia, kisha akachoka. "Mwanangu, una hasira na mtu wa kitabuni, au na baba wa mtoto wako, au na huyu? Wapange foleni, uwashughulikie mmoja mmoja."

"Mama, mimi siko kwenye mzaha."

"Hata mimi siko. Pokea simu, umtukane, ujue moja."

Ilipolia tena, alipokea.

"Umepokea," fundi alisema, kama asiyeamini.

"Nijibu kitu kimoja. Unaondoka?"

"Naondoka. Kampuni inanipeleka mji mwingine, kuna maghorofa mapya, mkataba ni mrefu. Niliambiwa kabla sijachagua kitabu."

"Ukaamua kunipa hadithi."

"Nilidhani mkimjadili yule, nitasikia wewe ungesemaje. Wakasema wote. Wewe ukanyamaza."

"Mjinga wewe."

"Nakubali, mpenzi."

Mfamasia alikaa kitandani. Alikuwa na la kumtukana, likayeyuka. "Siwezi kukufuata. Nina duka, nina mtoto, nina mama. Na kungoja nilishangoja, hakukunifaa."

"Nitakuja kila likizo. Wewe uamue kama utanifungulia mlango."

"Hayo usiniambie mimi. Njoo Jumapili, uwaambie wa nyumbani kwangu. Na binti yangu umwambie mwenyewe, akikutazama."

"Mtoto mdogo vile?"

"Huyo hasa. Baba yake hakumwambia."

Alikuja amevaa lile shati la kikao cha kwanza. Mama alimkaribisha, akazima redio kabisa. Mtoto aliketi mbele yake, miguu haifiki chini, akamkazia macho.

"Mimi nasafiri Jumamosi," fundi alianza, machozi yakamlengalenga. Akayafuta, akaanza tena. "Nakwenda mbali, kufanya kazi. Sitakuwepo muda mrefu. Nimekuja kukuaga."

"Kwa nini unalia?" mtoto aliuliza.

"Kwa sababu sitaki kwenda."

Jikoni, mfamasia alikuwa amesimama na sinia la glasi, hawezi kutoka, hawezi kulitua. Alisikiliza sauti ile ikiaga polepole, kila neno likimchoma, na hakutaka fundi aruke hata moja.