Mume Wangu, Kamanda wa Jeshi la Kwenye TV

Breki za lori zililia kwiiii!

Katikati ya barabara, mbele ya geti la hospitali, alikuwa amesimama mama mkwe wangu. Jicho moja limefungwa bandeji nene, la pili lina ukungu. Mkoba kaukumbatia kifuani, mkono mwingine unapapasa hewa...

"Mama, usisogee!"

Nilikimbia kama kichaa. Nikamshika kiunoni, nikamvuta hadi pembeni. Dereva akatoa kichwa dirishani, akatutukana sote wawili, akaondoka zake.

"Mama, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilidhani nimeiona gari ya mwanangu ng'ambo ile..."

Jamani, ngojeni nikae vizuri niwasimulie, maana nikikumbuka damu inachemka.

Mimi ni msusi. Mume wangu ni fundi viyoyozi. Sikukuu zilipoisha, watu wote walirudi makazini. Yeye akabaki kwenye kochi.

"Kazi zimepoa," akasema.

Kumbe kilichopoa ni akili yake!

Alikuwa amejinunulia mashine ya gemu. Sebule yangu ikageuka kambi ya jeshi. Mapazia yamefungwa mchana kweupe, chupa tupu za soda kila kona, jitu zima na ndevu zake limevaa hedifoni linapiga kelele, "Shambulia! Shambulia!"

Alikuwa na kikosi chake cha wanaume wenzake, hajawahi kuonana na hata mmoja. Wao wanamwita Kamanda Radi.

Radi! Mtu ambaye hata balbu ya chooni imemshinda!

Wiki iliyotangulia tulikuwa tumesafiri kwenda kumleta mama yake, aje afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Njia nzima Kamanda alinuna, eti "wenzangu wananisubiri". Siku ya mama kuruhusiwa, mimi nilikuwa na mteja, tukakubaliana yeye ndiye akamchukue.

"Usisahau," nikamwambia.

"Ni mama yangu mimi! Unanikumbusha ya nini?" Macho hajayatoa kwenye TV.

Mchana simu ikaita. Nesi.

"Dada, huyu mama karuhusiwa tangu asubuhi. Mwanawe tunampigia, inaita tu. Kachoka kukaa, sasa anataka kutoka nje."

Mteja wangu nilimwacha na nusu kichwa kimesukwa, nusu nywele zimesimama. Mungu ambariki, alisema tu, "Nenda, dada. Mama ni mama."

Ndipo nikakuta yale ya lori.

Tulipofika nyumbani, kabla hata sijagusa kitasa, tukasikia sauti ndani.

"Kwenye kikosi changu hatumwachi mtu nyuma! Mnanisikia? Rudini mkamchukue majeruhi!"

Vidole vya mama vikanibana mkono.

"Ni mwanangu huyo?"

"Ndiye, mama."

"Anaongea na nani?"

"Na watu wasiomjua."

Nikafungua mlango. Bila kugeuka, Kamanda akaninyooshea kiganja. "Subiri kidogo, niko vitani."

Kisha akamwona mama yake.

"Aah... mama... ndio nilikuwa natoka sasa hivi kuja..."

"Na bukta hiyo?" nikamuuliza.

Sikutaka ugomvi. Nilichomoa tu waya wa hedifoni. Sauti za wenzake zikamwagika sebuleni kutoka kwenye TV, na maikrofoni ya rimoti yake ya gemu, iliyomdondoka sakafuni, ikabaki wazi.

"Kamanda? Kamanda, vipi, mbona kimya?"

Mama akageukia zinakotoka. "Wanangu, hamjambo?"

Mmoja akajibu kwa adabu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye mama yake huyu kamanda wenu."

"Mama yake... yupi?"

"Aliyemzaa. Kwani ana wangapi?"

Nikamwona mume wangu anarukia rimoti. Nikaikanyaga!

"Samahani, mama," ile sauti ikaendelea, sasa inasitasita. "Kamanda alituambia mama yake amefariki. Wiki iliyopita. Alisema amekwenda kuzika, ndiyo maana hakuwepo kwenye mechi."

Mwingine akadakia, sauti inakatika. "Mimi mama yangu nilimzika kweli! Nilikesha namfariji huyu mtu! Nililia naye!"



"Mama, nisikilize," Kamanda akaanza kubabaika. "Hawa ukikosa mechi wanakutoa. Ningesema nimekwenda kumleta mama hospitali, wangeona kisingizio. Ilibidi nitafute kitu kizito..."

Mama akapapasa kiti, akakaa taratibu.

"Ulinizika vizuri lakini?" akauliza. "Watu walikuja wengi?"



Kwenye TV ile sauti ya kwanza ikasema, "Ndugu, sisi tumekutoa kwenye kikosi." Jina la Kamanda Radi likafutika.

Mume wangu akaanguka magotini. Machozi yakamtoka! Nikajua sasa atamshika mama yake miguu, aombe radhi...

Alipiga magoti mbele ya TV!

"Msinitoe, jamani! Nirudisheni! Nitaeleza!"

Mama alisikiliza kilio kile hadi mwisho. Kisha akaninyooshea mkono.

"Binti yangu, nipeleke kwa dada yake huyu. Maiti hakai na aliyemzika."

Nilikusanya dawa zake za jicho na nguo zangu. Yule bwana hata hakuuliza tunakwenda wapi.

Juzi wifi yangu alipita pale kuchukua vitu vya mama vilivyobaki. Karudi kaduwaa, hata kukaa hataki.

"Wifi, kapata kikosi kipya," akaniambia. "Nimemsikia mlangoni, analia kabisa. Wanampa pole."

"Pole ya nini tena?"

"Kawaambia amefiwa na mke."

Niko saluni, kitana mkononi, nimefiwa na nafsi yangu! Nilicheka hadi mteja akageuka kunitazama.

Dada zangu mnaosoma, na kaka zangu pia: mtu akikutangaza marehemu ukiwa hai, usihangaike kumthibitishia kwamba unapumua.

Nenda kapumulie kwingine.