Jina la Lodi wa Tano

Mtoto alipiga chafya, na chumba kikanuka mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Jebet alitazama huku na huku. Hapakuwa na mshumaa. Jengo lao la The Pearl, Doha, lilikataza moto wa aina hiyo, na ilikuwa alasiri, mapazia yamefungwa kuzuia jua, kiyoyozi kikivuma. Akamfuta mtoto pua, akacheka.

"Kumbe ni wewe, mzee? Haya, karibu."

Alikuwa amefanya jambo ambalo bibi yake angelifanya. Mtoto yule hakuwa na jina. Baba yake, Herbert, alitaka jina la ukoo. Mama yake, Edith, alitaka jina jipya. Wakabishana wiki baada ya wiki, na mtoto akawa analia mchana kutwa mikononi mwa Jebet, yaya wake. Kwao Jebet, Nandi nchini Kenya, mtoto aliaye hivyo anadai jina. Wanawake humzunguka na kutaja wafu wa ukoo mmoja baada ya mwingine mpaka apige chafya. Anayetajwa chafya ikitoka ndiye aliyerudi.

Wafu wa ukoo huu walikuwa ukutani. Herbert alikuwa ametundika sebuleni mti wa ukoo wake wa makabaila wa Uingereza ndani ya fremu: juu kabisa Lodi wa Kwanza wa Thornmere, chini yake wa pili, na kuendelea hadi kaka yake Herbert, ambaye alikuwa wa kumi na moja. Jebet alimpakata mtoto, akasoma kuanzia juu. Alipotamka "Aubrey, Lodi wa Tano," chafya ikatoka. Chini ya jina hilo hapakuwa na mstari wa watoto.

Tangu siku hiyo mtoto hakulia tena. Edith alimbusu Jebet kwa furaha.

"Umemfanyaje?"

"Nimemwimbia tu, madam."

Ndirangu, dereva wa nyumba hiyo, ndiye aliyemweleza Jebet mambo ya vyeo, wakiwa wanangoja nje ya duka mtaani Abu Hamour.

"Umeona bahasha zake? Zimeandikwa Mheshimiwa Herbert. Kwetu mheshimiwa hata choo cha shule atakuzindulia. Huyu hana kura hata moja!"

"Sasa kwa nini anaitwa hivyo?"

"Ni mdogo mtu. Kwao mkubwa huchukua vyote, cheo, nyumba na shamba. Akifa, vinaenda kwa mwanawe. Mdogo anaachiwa hilo neno, halafu anakuja kutafuta kazi Doha kama mimi na wewe." Akacheka. "Labda wale wa mbele yake wafe wote."

Simu ya kwanza ilikuja asubuhi, wakati wa chai. Mwana pekee wa kaka yake Herbert alikuwa amezama kwenye bwawa la Thornmere. Alikuwa kijana aliyejua kuogelea. Herbert alikwenda kuzika, akarudi. Mwezi haukuisha, simu ya pili ikaja: kaka mwenyewe alikutwa ndani ya bafu lake, uso chini ya maji.

Herbert alisimama mbele ya fremu, amemshika mwanawe.

"Basi sasa mimi ndiye wa kumi na mbili," alisema. "Na wewe ndiye unayefuata."

Mtoto alitabasamu kwa mara ya kwanza. Jebet akasikia harufu ya mshumaa, na nyuma yake harufu ya tope la bwawa.

"Bwana," aliuliza kwa sauti ya chini, "huyu Aubrey alikuwa nani?"

"Kwa nini unamuuliza huyo?"

"Hana watoto."

"Hatumtaji. Alikuwa mdogo, kama mimi. Mbele yake walikuwepo kaka yake na mtoto wa kaka yake. Wote wawili walizama. Watu walijua ni yeye, ila nani angemshtaki lodi? Wanasema alipokuwa anakufa, kila mshumaa uliowashwa karibu naye ulizimika."

Jebet alijifungia chumbani kwake akampigia simu bibi yake, ambaye kwao huitwa kogo. Alimweleza yote.

"Uliwataja wote?" bibi aliuliza. "Hukumruka hata mmoja?"

"Kogo, ningejuaje yupi ni mbaya?"

"Ndiyo maana hatuwaachii wasichana kazi hiyo. Muuaji harudishwi. Tunamruka, kama vile hakuzaliwa."

"Nimtoeje?"

"Hatoki kwa kufukuzwa. Anatoka mwingine akiitwa na kuitikia. Waite wale wema."

"Nimewaita wote wa ukutani. Ananitazama tu, Kogo. Ananitazama kama mtu mzima."

Bibi alishusha sauti. "Najua unachofikiria. Usiwataje wetu. Mke wa kaka yako Levis karibu anajifungua, na sisi tunamngoja marehemu baba yako. Ukimpa mtoto wa watu, kwetu harudi. Umenisikia, mama?"

"Nimesikia, Kogo."

Ijumaa Herbert alishuka kuogelea kwenye bwawa la jengo, kama kawaida yake ya Ijumaa. Jebet alimsihi asiende, akachekwa. Akabaki kwenye roshani, mtoto begani, akimhesabia bosi wake pumzi. Bwawa lilikuwa tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyekwenda na kurudi.

Mtoto akageuza shingo, akatazama chini, na harufu ile ikapanda katikati ya joto, ya mshumaa na ya tope, ikajaa puani mwa Jebet hata akahisi ladha yake ulimini, na chini kule Herbert akasimama katikati ya maji kana kwamba ameitwa, akainua mkono mmoja, akaenda chini bila kelele, na maji yakajifunga juu yake yakatulia, na mtoto hakupepesa jicho, na Jebet akapiga yowe lakini mlinzi alikuwa mbali, na maji yakazidi kutulia, na lile jina alilokatazwa likawa limeshafika mdomoni.

"Kiprop arap Tanui," alisema. "Baba. Njoo."

Mtoto alipiga chafya. Kisha akalia, kilio cha mtoto mchanga, kwa nguvu zake zote. Chini, Herbert aliibuka akikohoa, akajikokota hadi ukingoni.

"Kitu kilinishika mguu," alimwambia mkewe baadaye. "Kilikuwa na vidole."

Harufu ilikuwa imeondoka. Jebet alimbembeleza mtoto, na yeye mwenyewe akalia pamoja naye, kwa ajili ya baba yake. Jua lilikuwa bado halijatua simu yake ilipolia.

"Amezaliwa," alisema bibi. Sauti yake haikuwa ya furaha. "Mvulana. Tumemwita baba yako mpaka koo zimekauka. Kimya. Tukawaita wengine wote. Kimya."

"Kogo, nisamehe..."

"Ngoja. Tukanyamaza, tupumzike kidogo. Ndipo akapiga chafya. Jebet, hakuna aliyekuwa ametaja mtu."

Jebet aliketi sakafuni. "Analia?"

"Hata kidogo. Anatutazama tu. Na humu ndani mna harufu ya mshumaa, nami nawauliza nani amewasha mshumaa, na stima ipo."

Kwao hapakuwa na malodi. Palikuwa na shamba moja juu ya mto, ambalo baba alimwachia Levis, na ambalo Levis angemwachia mwanawe wa kwanza. Kati ya shamba hilo na mtoto alikuwepo mtu mmoja tu.

"Kogo, Levis yuko wapi?"

"Ameshuka mtoni kuoga," bibi alisema. "Kwa nini?"