Kitabu Namba Kumi na Saba

Likizo ya katikati ya mwaka huko Ihanda ni likizo ya jina tu. Kahawa huwa imeiva, na kahawa haina habari kwamba shule zimefungwa. Kila asubuhi Kemilembe, mwanafunzi wa darasa la sita, alifagia uwanja, akatandaza kahawa juu ya mikeka, kisha akakaa kufukuza kuku. Mdogo wake Alistides, wa darasa la pili, alimsaidia kwa dakika tano, kisha akayeyuka kwenda kucheza.

Kabla shule haijafungwa, Mwalimu Agnetha alikuwa amempa kila mwanafunzi wa darasa la sita kitabu kimoja kutoka kabati la maktaba. Vitabu vyote vilifunikwa kwa karatasi ya kaki visichakae, na juu yake paliandikwa namba tu. Kemilembe alipata namba kumi na saba. Alikiweka juu ya uchaga wa jikoni, akasema, "Nitaanza kesho." Kesho ile ikazaa kesho nyingine, na likizo ikaisha.

Siku shule ilipofunguliwa, Mwalimu alisema, "Leo kila mmoja atatusimulia alichosoma na jinsi kilivyomgusa. Nitakayeridhika naye nitamkabidhi ufunguo wa kabati la vitabu hadi mwisho wa mwaka."

Moyo wa Kemilembe uliruka. Ufunguo ule, wenye kamba nyekundu, aliutamani tangu darasa la nne.

Novatus alianza. Alikuwa amesoma tamthilia, akaigiza mfalme mlafi kwa bidii mpaka akaangusha kiti cha Mwalimu. Akafuata Edith, aliyepewa kitabu cha mashairi. "Mengine yalinifurahisha," alisema, akitazama chini. "Mengine sikuyaelewa. Nilirudia mara tatu, bado sikuelewa." Darasa zima likacheka.

Kemilembe akaona wazi kwamba kusema kweli kunaleta kicheko. Alipoitwa, alisimama mbele na kitu cha kusema hana.

"Changu ni kitabu cha hadithi za kutisha," alisema, na uongo ulimtoka kwa ulaini uliomshangaza hata yeye mwenyewe. "Kuna bibi kizee asiye na uso. Amejifunga rubugo, ile nguo ya magome ya mti ya watu wa kale. Asubuhi za ukungu hukaa migombani. Mtoto akipita, humfuata nyuma nyuma. Ukisimama, naye anasimama. Kisha anakuita jina lako mara tatu. Anaweza kuiga sauti yoyote, ya mama, ya dada, hata ya mwalimu. Ukiitika tu, hufiki uendako."

Hakuna aliyecheka. Novatus aligeuka kutazama dirishani, ambako migomba ilianza hatua chache tu kutoka ukutani.

"Ajabu," alisema Mwalimu Agnetha taratibu. "Kabati lile nililikuta hapa, na si vitabu vyote nimevisoma. Kesho kilete, Kemilembe. Utatusomea ukurasa huo."

Hadithi ya kutisha haihitaji miguu. Kufika saa nane mchana, bibi asiye na uso alikuwa ameshafika darasa la pili. Jioni Alistides alimfuata dada yake jikoni.

"Dada, ni kweli?"

Kemilembe alitaka kusema si kweli. Lakini mtoto yule hafungi mdomo, na ufunguo ungekwenda na maji. "Imeandikwa kitabuni," alijibu.

"Kwa hiyo nikiitwa nisiitike?"

"Usiitike."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, migomba ya uani ilionekana nusu. Alistides alikuwa bado anatafuta sweta lake. Kemilembe alichukua kitabu uchagani, hakumsubiri. Alitaka kufika shuleni mapema, afungue kile kitabu peke yake, mbali na macho ya Alistides, atafute humo chochote cha kumwokoa. Akashika njia ya mkato inayopita katikati ya shamba la Mzee Byabato.

Humo ndani palikuwa kimya mno. Majani makavu ya migomba yalining'inia bila kutikisika, na matone ya maji yalidondoka hapa na pale. Akasikia nyayo nyuma yake. Akasimama, nazo zikasimama. Akaenda, nazo zikaja.

"Huyo hayupo," alijiambia kwa sauti. "Nimemtunga mimi."

"Kemi!" ikaita sauti nyembamba kutoka ndani ya ukungu.

Akaongeza hatua.

"Kemi!"

Hakugeuka.

"Kemiiii!"

Ilikuwa mara ya tatu. Kemilembe alikimbia bila kuitika, akajikwaa, akaamka, akafika shuleni akihema, magoti yamejaa matope. Kitabu hakukifungua. Alikaa akitazama mlangoni.

Saa mbili mwalimu wa darasa la pili aliita majina. Alistides hakuwepo. Mwalimu Agnetha akampigia simu mama yao. "Mbona alitoka zamani!" mama alisema. "Alitoka mbio akimfuata dada yake, alikuwa anamwita amsubiri."

Kemilembe aliyasikia maneno yale. Nyayo zile zilikuwa za mdogo wake. Sauti ile ilikuwa ya mdogo wake, na yeye Kemilembe ndiye aliyemkimbia. Akawaambia njia aliyopita.

Dakika chache baadaye shamba la Mzee Byabato lilijaa watu: mama yake akiwa na kanga begani, majirani, walimu, darasa zima la sita. Ukungu ulikuwa haujainuka. Waliita upande huu, waliita upande ule. "Alistides! Alistides we!" Kila jina lililoitwa lilimezwa na migomba, na hakuna kilichorudi.

"Angekuwa humu angeitika," alisema Mzee Byabato. "Tutazame kule bondeni kwenye maji."

Aliposikia maji, mama aliketi chini. "Maawe, mwanangu!" alilia, na sauti ikamkatika.

Kemilembe alimshika Mwalimu mkono. "Mwalimu, msiende bondeni. Yumo humu, anatusikia. Hawezi kuitika. Mimi ndiye niliyemwambia asiitike."

Mwalimu alimtazama kwa muda mfupi tu. Alishaelewa. "Basi mwambie kweli. Kwa sauti ya kumfikia."

Watu wote walimgeukia. Novatus alikuwa pale. Edith alikuwa pale. Kemilembe aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akavuta pumzi.

"Alistides! Nilidanganya! Hakuna bibi asiye na uso! Kitabu sikukisoma, hata kukifungua sikukifungua! Nilitunga yote kwa sababu nilitaka ufunguo! Mdogo wangu, nisamehe, itika!"

Tone likadondoka. Kisha, hatua kumi kutoka walipokuwa wamesimama, ardhi ikatikisika. Majani makavu yakainuka yenyewe, na mtu mmoja akapiga yowe. Chini ya majani yale kikatokea kichwa kidogo kilichojaa majivu.

Lilikuwa shimo la Mzee Byabato la kuvundikia ndizi. Jana yake alilipasha moto, tayari kupanga ndizi asubuhi ile. Alipoachwa peke yake kwenye ukungu, Alistides aliogopa, akaingia humo kwenye vuguvugu, akajifunika majani.

"Uliniita hata wewe, mama," alisema akilia, huku mama amemkumbatia. "Lakini dada alisema anaiga sauti zote. Nikajua ni dada kweli aliposema amedanganya. Yule bibi hawezi kusema hivyo."

Mzee Byabato alishika kichwa. "Na mimi nilikuwa nakuja kupanga mikungu, kisha nifukie kwa udongo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

Darasani, Mwalimu Agnetha alifungua namba kumi na saba mbele ya wote. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kutunga hadithi si kosa," alisema Mwalimu. "Yako ilikuwa nzuri, Kemilembe, siku moja uiandike. Kosa ni kutunga, kisha ukawaambia watu kwamba ni kweli. Watu hupita njia kwa kufuata maneno yetu, na wadogo ndio hutuamini kuliko wote. Njia ya mwongo ni fupi, na leo mmeona ilikoishia."

Ufunguo wenye kamba nyekundu alipewa Edith, aliyekiri kwamba hakuelewa.

Wiki iliyofuata Kemilembe alisimama tena mbele ya darasa. "Nimesoma kurasa kumi na tisa," alisema. "Nyuki wanaokwenda kutafuta chakula hurudi kuwaonyesha wenzao mahali kilipo. Hilo lilinigusa. Baada ya hapo sijui, bado nasoma."

"Hiyo ndiyo taarifa," alisema Mwalimu.

Mchana, ukingoni mwa shamba la Mzee Byabato, Kemilembe alisimama kumsubiri mdogo wake aliyebaki nyuma.

"Alistides!"

"Naam, dada!"

Alimwita mara moja tu.