Amplifaya ya Shemeji

Kinyozi alirudi nyumbani na amplifaya kuukuu begani, aliyouziwa na shemeji yake, moyo mweupe. Baba yake alipiga tarumbeta kwenye bendi ujana wake wote. Sasa masikio yalikuwa yakimwisha. Alitaka jambo moja tu: kuzisikia kanda zake tena, kwenye spika zake mwenyewe, kabla hajawa kiziwi kabisa.

"Umeikagua, baba watoto?" mke wake aliuliza.

"Nimkague kaka yako? Shemeji huyo! Nikianza kupekua mbele yake, si nimemwita mwizi?"

Haya basi, heshima hiyo! Kwa shemeji alisikiliza wimbo mmoja, tena kwa spika moja. Akasema, "Vya kale ni dhahabu," akabeba.

Mzee alizipangusa spika zake kwa shati lake safi. Kinyozi akaunga nyaya, akawasha. Tarumbeta ikalia. Mzee akafumba macho, akatabasamu. Wimbo wa tatu haujaisha, ukaja mngurumo, kisha harufu ya kuungua. Kinyozi alirukia plagi, lakini spika zote mbili zilikuwa zimeshatoa moshi.

"Mbona mmezima?" mzee aliuliza.

Kinyozi akafungua dirisha, moshi utoke.

Kesho yake akaitwa jirani yao, mama mmoja fundi redio. Aliifungua amplifaya kwa uangalifu.

"Ona fyuzi hii. Imezungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi hukatika ili kifaa kisiungue; karatasi hii hupitisha umeme hata ikikatika. Aliyeifunga hivi alijua ni mbovu."

Mke akainamisha kichwa.

"Ningejuaje, dada?" kinyozi aliuliza.

"Ungemwambia aiwashe mbele yako ikiwa baridi, uiache mpaka ipate moto. Sikiliza kushoto, sikiliza kulia. Zungusha vidude vyake vya sauti taratibu. Vikikwaruza, pengine ni vumbi tu. Mngurumo usiokoma ni ugonjwa. Nusa pia. Na uijaribu kwa spika chakavu kwanza, si hizi za mzee, jamani! Kufungua mwachie fundi, maana umeme hubaki ndani hata plagi ikichomolewa."

"Na muuzaji akiwa ndugu?"

"Ndugu mwema atakushikia tochi."

Shemeji alipopigiwa simu alisema, "Kwani nilikulazimisha?" Akakata. Mtu huyo alikula harusini kwao!

Kinyozi alinyoa vichwa vingi kabla ya kupata amplifaya nyingine na spika nyingine. Safari hii alikwenda na fundi. Walikagua mchana kutwa. Muuzaji alinuna, wakamwacha anune. Mashine ilikuwa nzima.

Nyumbani, tarumbeta ikalia safi, hata majirani wakasimama dirishani. Kinyozi akapandisha sauti, akamgeukia baba yake kwa furaha.

Mzee alikuwa ameketi wima, mikono magotini, akiitazama mashine.

"Mwanangu," alisema, "mtaiwasha saa ngapi?"